Mkanda wa Gari la Mama Mikate

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi barazani na goti limetulia, maana mama aliniambia baridi ya majuzi imeliamsha tena. Sisi huku wazima. Wajukuu wako wanakula bila huruma na wanagombana bila sababu, kwa hiyo afya ipo. Mkubwa ameanza kunisahihisha hesabu za dukani, jambo linalonifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. Duka la spea linakwenda, si haba. Gereji pia inakwenda.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, baba. Kabla sijamaliza kusalimia ungeshasema nikusikilize kwanza, nami ningekusikiliza kama siku zote, na yangu yangebaki tumboni. Karatasi haikatizwi. Ninakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujamwita mjomba, kwa sababu najua ameshaazima pikapu ya kuja kunichukua mimi, watoto na vyombo vyangu, kama mlivyopanga. Jibu langu kuhusu safari hiyo limo humu, lakini silitangulizi.

Unakumbuka nilivyokupigia nikilia. Mume wangu, huyo uliyempa jina la Kimya alipokuwa mwanafunzi wako gerejini, kwa kuwa maneno yake ya siku nzima hayakujaza kijiko, alikuwa ameanza mtindo mpya. Jumamosi mchana anafunga gereji, anachukua mfuko mdogo wa vifaa, anaondoka. Nikimuuliza, anasema anakwenda kuangalia taimingi ya gari la Mama Mikate. Jumamosi iliyofuata, jibu ni lile lile. Na ile nyingine, lile lile. Mama Mikate unamjua: mjane anayeoka mikate nyuma ya soko na kuisambaza madukani kwa kigari chake cheupe. Umbo analo, na kicheko chake kinasikika mtaa wa pili.

Sasa mimi ndiye ninayeuza mikanda. Duka langu na gereji ni mlango kwa mlango, na hakuna mkanda wa taimingi unaotoka bila kupita mkononi mwangu. Mikanda yote ilikuwa inaning'inia pale pale kwenye misumari. Nikajiuliza ni fundi gani huyu anayekwenda kutengeneza taimingi bila mkanda. Halafu ikaja mikate. Kimya alirudi na mkate wa moto, umefungwa kwa kitambaa safi cha mtu. Nikakataa kuula. Watoto wakaula kwa niaba yangu na kuuliza kama Jumamosi ijayo kutakuwa na mwingine.

Nilipokueleza, hukunituliza. Ulisema mkanda ukishafungwa sawasawa mtu anausahau kwa miaka, na kwamba mwanamume anayefungua mkanda ule ule kila wiki hatafuti mkanda. Ukaongeza kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Nami ambaye wewe mwenyewe umeniita Kachero tangu utotoni, kwa kupekua mifuko ya wageni, sikuhitaji kusukumwa. Nikanusa mashati. Nikapekua mfuko wa vifaa. Alipolala mchana nikaangalia mpaka chini ya kucha zake, nikakuta unga wa chuma, si unga wa ngano. Ningekuwa na akili timamu ningesimama hapo nikafikiri. Lakini mwenye wivu anaona alichokwenda kukitafuta, na mimi nilikwenda kutafuta mwanamke.

Nikaanza kupita nyuma ya soko kwa visingizio. Kwenye geti la Mama Mikate nikaona vitu visivyoeleweka. Jumamosi moja lilitoka gari la yule mwalimu mkuu mstaafu. Nyingine likatoka gari la zahanati, dereva akiwa na mkate mkononi. Wote hao ni wateja wako wa zamani, baba, watu wasiomwamini fundi mwingine tangu mimi nikiwa na sare ya shule. Nikaamua kwamba Kimya amewafanya mashahidi wake, wazee wasiosema ovyo. Nikakupigia kukueleza na hayo. Ukaniuliza maswali mengi siku ile. Ukaniuliza ni magari ya nani, yametoka mangapi, na kama nimeona kifuniko cha mkanda kimefunguliwa. Nilikujibu yote. Nitayarudia maswali yako huko mbele.

Jumamosi iliyofuata nikamfuata. Nilimwachia jirani duka, nikazunguka kwa upande wa tanuri na kuingia kwa Mama Mikate kwa mlango wa kuingizia kuni. Nikasimama nyuma ya magunia ya unga. Yeye mwenyewe alinikuta pale, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko, akaniuliza kama nimekuja kununua mikate au kuiba. Akacheka kicheko chake, akanishika mkono na kunipeleka moja kwa moja hadi uani, akamwambia Kimya kwamba mwenye mali amekuja kukagua mali yake. Halafu akarudi kwenye unga wake. Mwanamke mwenye kosa harudi kwenye unga wake vile, nilijua hapo hapo, na badala ya kufurahi nikaanza kutafuta kosa lingine.

Kosa lilikuwepo mbele ya macho yangu. Gari lililokuwa pale lilikuwa la kinyozi wa stendi, naye pia ni mteja wako. Kifuniko cha mkanda kimetolewa. Kimya ametoa plagi ya silinda ya kwanza na kuingiza bisibisi ndefu kwenye tundu lake, na alikuwa akizungusha injini taratibu kwa spana huku akiangalia bisibisi inavyopanda. Ilipofika juu kabisa akasimama. Akachukua panchi, kile chuma chenye ncha cha kutilia alama, na nyundo, akagonga nukta mpya kwenye puli ya juu. Kisha akachukua tupa, akaanza kuifuta ile nukta ya zamani.

Hapa naeleza kama vile hujui, kwa sababu barua hii nataka mama naye aielewe. Injini ina shafti mbili, ya chini inayozungushwa na pistoni na ya juu inayofungua valvu. Mkanda wenye meno, ndio huo wa taimingi, unazifunga pamoja ili moja isiitangulie nyingine. Mwisho wa kila shafti lipo gurudumu la meno, ndiyo puli, na kiwandani kila puli imewekewa alama yake. Fundi akibadili mkanda analinganisha alama hizo ndipo anavalisha mkanda mpya. Alama zikiwa sawa, injini inapumua. Zikipishana meno mawili au matatu, pistoni inapanda wakati valvu bado iko wazi, zinagongana, na mwenye gari anarudi nyumbani kwa miguu. Kwa hiyo mtu anayefuta alama ya puli na kugonga nyingine anacheza na roho ya gari. Mimi binti wa fundi najua hivyo, na damu ilinipanda.

Nilimwambia Kimya mengi ya kumuumiza. Nilisema kumbe si mzinzi, ni mwizi. Nilisema anaharibu alama za magari ya watu ili fundi mwingine akiyagusa yavunjike, na wateja wasiwe na pa kwenda ila kwake. Hakupandisha sauti. Alifunga kifuniko, akafuta mikono, akaniambia nichukulie nitakavyo, ila yeye hawezi kumvua mkwe wake nguo mbele za watu. Nikaelewa kwamba anakuogopa. Ndivyo nilivyoelewa, Mungu anisamehe.

Jioni ile nilikupigia kukuambia kwamba mkweo anaghushi alama katika gereji uliyomwachia. Nilitegemea utafoka. Baba ninayemjua mimi aliwahi kumfukuza mtu kazini kwa kukaza boliti kwa koleo. Nilitegemea utapanda basi la kwanza, goti au si goti. Wewe ulisema nisimwambie mtu yeyote. Ukasema nifunge mizigo tu, na kwamba mjomba atakuja mapema kuliko tulivyopanga.

Simu ilipokatika nilibaki nimeishika. Ndipo nikayakumbuka yale maswali yako. Baba akisikia mume wa bintiye ana mwanamke nje, huuliza mwanamke ni nani. Wewe hukuniuliza juu ya Mama Mikate hata mara moja. Uliuliza juu ya magari. Nikajisuta kwa kukushuku, nikasema Kachero wewe sasa umezidi, utaanza kumshuku hata aliyekuzaa. Lakini shaka ikishaingia haitoki kwa kufukuzwa, inatoka kwa kuangalia.

Kipo kigari cha bluu ulichonipa siku ya harusi yangu. Ulinikabidhi ufunguo mbele ya wageni wote, ukasema mkanda wake umeufunga kwa mkono wako mwenyewe na hapana mwingine wa kuugusa, siku yake ikifika nikuite. Watu walipiga makofi, na mimi nililia kwa raha. Kimya ameheshimu neno lako. Amebadilisha breki za gari lile, amebadilisha oili, lakini kifuniko cha mkanda hajawahi kukifungua. Najua kwa sababu boliti zake bado zilikuwa na ile rangi nyekundu unayoipaka ukimaliza kazi, haijapasuka hata moja.

Kimya alipowapeleka watoto kunyolewa, nilifunga duka, nikavaa ovaroli yake na kuzipasua rangi zile mwenyewe. Nilifanya ulivyonifundisha. Nilitoa plagi ya kwanza, nikaingiza bisibisi, nikazungusha injini kwa mkono upande inaozungukia. Bisibisi ilipofika juu nikaangalia kama valvu zote mbili za silinda ile zimefunga, nisije nikawa nimesimama kwenye mzunguko usio wake. Zimefunga. Alama ya puli ya chini imekaa mahali pake. Nikainua macho kwenye puli ya juu.

Nukta ilikuwa meno matatu pembeni. Nikasema nimekosea, nikazungusha tena mizunguko miwili kamili, nikarudi pale pale. Meno matatu pembeni. Na gari lile linawaka kila asubuhi kwa mguso mmoja, halijawahi kukohoa, maana yake mkanda umefungwa sawa na alama ndiyo inayodanganya. Pale ambapo alama ya kiwandani ilipaswa kuwa, chuma kilikuwa laini, kimepigwa tupa kwa subira. Nukta ya uongo ilikuwa na pengo upande mmoja. Pengo hilo silihitaji kumuuliza mtu. Limo kwenye nukta uliyoigonga kwenye kila spana yako, kila koleo, mpaka kwenye kikombe chako cha bati, kwa sababu panchi yako ilimeguka ncha kabla sijazaliwa na hukutaka kununua nyingine.

Niliketi chini kwenye oili. Nilifikiri magari mengine ningeweza kuelewa, kwa hasira, lakini kuelewa. Gereji mpya zilifunguliwa barabara ya juu, na wewe uliogopa wateja watakukimbia. Ukahakikisha kwamba akiyagusa mwingine yanavunjika, na wanarudi kwako wakisema hakuna mkono kama wa mzee. Lakini lile lilikuwa zawadi yangu ya harusi. Hata mimi, baba? Ulifikiri nami nitakukimbia?

Kimya aliporudi hakuniuliza nimefanya nini. Aliona ovaroli, akawaambia watoto waingie ndani, akaketi nami pale pale chini. Siku ile alisema maneno mengi kuliko niliyowahi kuyasikia kwake tangu posa. Alisema alifungua kigari cha Mama Mikate mwaka huu ili kubadilisha pampu ya maji, akaona pengo lile, akakosa usingizi. Akaangalia la pili, la tatu, yote hivyo hivyo. Alisema ulimpa kazi na ukampa binti, hakuona namna ya kukulipa kwa kukuaibisha. Ndiyo maana akamwomba Mama Mikate uani kwake, palipo na ukuta na mbali na macho yangu, akawa anaita wateja wako wa zamani mmoja mmoja kwa kisingizio cha ukaguzi wa bure, anarudisha kila alama mahali pake. Alikusudia wewe usijue kamwe kwamba yeye anajua. Na kwa kuwa Kimya hana kipaji cha uongo, alipopata mmoja, ule wa taimingi ya Mama Mikate, aliutumia kila Jumamosi bila hata kuubadilisha.

Nilimwomba radhi. Amenisamehe, kisha akasema kwa uso mkavu kwamba sasa naweza kula mkate. Nimekula.

Lakini wewe, baba, ulijua. Nilipokutajia magari yale ulijua mara moja anafanya nini uani kule, na kwa nini. Ulijua mume wangu hana mwanamke. Ukaniacha nilie, ukanipa methali, ukanihimiza nifunge mizigo, ili akiondokewa na mke aonekane mhuni na asiwe na mtu wa kumwamini siku atakayofungua mdomo. Ulikuwa tayari watoto wangu wakue bila baba yao ili alama yako isionekane. Nimejaribu kuandika sentensi hii kwa upole na imekataa.

Na bado kuna jambo, na hili Kimya hakutaka nilifanye. Tuligombana juu yake, na nikalifanya.

Unamkumbuka Fundi Haraka. Jina lake lilikuwa lingine kabla wewe hujambandika hilo, mwaka jana, siku kigari cha Mama Mikate kilipovunjika valvu baada ya yeye kubadili mkanda. Mama Mikate alisukuma mikate kwenye mkokoteni mpaka ulipomtengenezea, na ulitengeneza peke yako, ukamkataza hata Kimya kukushikia taa. Kila aliyekuja dukani ulimhadithia jinsi mtu yule alivyokuwa na haraka mpaka akashindwa kulinganisha nukta mbili. Nilicheka na mimi. Alifunga gereji yake ndogo kwa sababu hakuna aliyempelekea hata pikipiki. Siku hizi anapakia mbao kwenye ghala la seremala mmoja, begani.

Nilimwendea na kigari cha bluu. Nilimwomba anifungulie kifuniko. Akakataa, akasema mikono yake haigusi tena mikanda. Nilimng'ang'ania mpaka wenzake wakaanza kututazama, akachukua spana ili tu niondoke. Alizungusha injini kwa mkono, polepole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alipofika juu akaitazama ile nukta. Akagusa palipopigwa tupa kwa kidole gumba. Aliniuliza swali moja, kama kile cheupe cha Mama Mikate nacho kilikuwa hivi. Nikamwambia ndiyo.

Akakaa juu ya mbao, hakulia wala hakutukana. Alisema mwaka mzima, kila akilala, amekuwa akiirudia kazi ile kichwani, tangu boliti ya kwanza mpaka ya mwisho, akitafuta mahali alipokosea na hapaoni. Alisema aliona alama zimelingana kabisa. Mke wake alimshauri akapimwe macho, akaenda, na macho yakakutwa mazima, na hapo ndipo alipoamua kwamba kilichoharibika ni akili.

Baba, pikapu isije. Mizigo yangu nimeifungua na vyombo viko kabatini. Njoo wewe badala ya mjomba, kwa basi. Fundi Haraka nimemweleza kwamba nakuandikia, na akanituma. Hataki pole yako iletwe na mimi, wala na barua. Anataka uje usimame mbele ya gereji, waitwe wale wale uliocheka nao, uwaambie kwamba mtu huyu hakukosea. Kimya bado anasema tungekusitiri. Mimi nimesema hapana. Ukija nitakupikia, nitakutandikia kitanda, nitakukanda goti, na ukisimama pale kusema maneno hayo mimi nitakuwa nimesimama upande wa Fundi Haraka.

Usipokuja nitayasema mimi, na jina lako nitalitaja.

Msalimie sana mama, na umpe barua hii aisome mwenyewe. Nitampigia kumuuliza, kwa hiyo usimsomee nusu. Mjomba pia mpe salamu na umwambie arudishe pikapu ya watu. Wajukuu wanakuulizia, nami nimewaambia huenda babu akaja. Mungu akupe nafuu ya goti na wepesi wa safari.

Ni mimi, binti yako,
Kachero